Wema Huchunguzwaje? Darasa la Tano na Foleni ya Bombani

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule ninayofundisha hapa Moshi, mafunzo yetu yote ya maadili hupimwa mahali pamoja: bombani. Mabomba ni mawili, watoto ni mamia, muda ni mfupi. Darasa la saba hufika kwanza kwa kuwa miguu yao ni mirefu. Darasa la kwanza huambulia viwiko. Na ukuta ulio nyuma ya mabomba umeandikwa kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za kusomeka toka getini: TUPENDANE. Nimepita mbele ya ukuta huo miaka mingi nikiyaona maandishi, nisione kwamba watoto wanasukumana hapo hadi migongo yao imeanza kuifuta herufi ya mwisho.

Asubuhi ya siku nilipoanza kulifikiria jambo hili, nilikuwa nimewauliza darasa la tano: wema ni nini? Mikono ikajaa hewani. "Wema ni kumsaidia mtu bila kutegemea malipo." Akajibu wa kwanza, akajibu wa pili na wa tatu, maneno yaleyale, maana ndiyo niliyowaandikia ubaoni juma lililotangulia. Tukawapigia makofi. Robo saa baadaye nilimwona bombani yule aliyejibu kwa sauti nzuri kuliko wote, amemshika kola mtoto wa darasa la pili, anamvuta nyuma ili aingie yeye. Sikumwona mnafiki. Swali langu lilitaka sentensi, naye alinipa sentensi. Bomba lilitaka kitu kingine, na hicho sikuwa nimemfundisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kufundisha wema kwa njia ya kudadisi katika madarasa ya juu ya msingi, yaani watoto wa miaka tisa hadi kumi na mitatu. Ni jambo linalosemwa kirahisi kwenye semina na linalofungamana vibaya ukilileta darasani. Naomba nilifungue fundo moja moja, nikianza na lile linalowakwaza walimu wengi.

Kudadisi si kutega vitendawili

Mtaala wa kujenga umahiri tuliouanza mwaka 2005 ulitaka mwanafunzi awe katikati ya ujifunzaji. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, ambao umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, unadai hivyohivyo. Lakini keti nyuma ya madarasa yetu uone. Mara nyingi kinachoitwa kudadisi ni mwalimu kuuliza maswali mengi na watoto kukisia majibu aliyoyaficha kichwani. Huko ni kutega vitendawili. Kitendawili kina jibu moja, aliyekitega analijua, na ukishindwa unampa mji, mchezo unakwisha.

Kudadisi huanza na swali ambalo jibu lake halimo mfukoni mwa mwalimu. Watoto hutoka kutafuta ushahidi: wanatazama, wanahesabu, wanahoji watu, wanasoma. Wanarudi, wanalinganisha walichoona na walichodhani, na mara nyingi wanalazimika kubadili mawazo. Mwisho wanafanya jambo kutokana na walichokipata, kisha wanatazama tena kama limefaa. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyefungua shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alishikilia kwamba mtu haanzi kufikiri kwa dhati mpaka akutane na jambo linalomkwamisha. Kwa maana hiyo foleni ya bombani ni somo lililokuwa limetusubiri pale nje siku zote.

Si lazima twende Chicago, hata hivyo. Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaja mambo matatu ambayo elimu inapaswa kuyakuza kwa kila raia, na la kwanza ni akili yenye kudadisi. La pili ni uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kukipokea, kukigeuza au kukikataa mtu alichojifunza kulingana na mahitaji yake. La tatu ni kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake, anayewathamini wengine na kuthaminiwa nao kwa kile anachokifanya, si kwa kile anachokipata. Nililisoma andiko hilo chuoni kwa ajili ya mtihani. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kudadisi na kuthaminiana viliwekwa na Mwalimu katika sentensi moja, nasi tukavitenganisha: udadisi tukaupeleka kwenye Sayansi, kuthaminiana tukakupeleka kwenye kukariri.

Tena neno lenyewe halina bahati majumbani. Mtoto mdadisi huambiwa ana mdomo, anawachokonoa wakubwa. Kwa hiyo mwalimu anayeanza kazi hii ajiandae: wiki ya kwanza watoto watanyamaza, wakisubiri umalize mtego wako na uwape jibu.

Je, wakidadisi wakaona wema hauna faida?

Hili aliniuliza mwalimu mwenzangu, na ni swali la haki. Ukimwambia mtoto achunguze wema, umempa ruhusa ya kuukataa?

Jibu langu ni kwamba kuna maswali mawili hapa, na moja tu ndilo la kuchunguza. "Je, tuwe wema?" hilo hatulipigii kura darasani, kama ambavyo hatupigi kura kama mtoto anywe maji safi. Tunalolichunguza ni hili: wema hutokea lini? Hukwama wapi? Anayetendewa anauonaje? Kwa nini watu walewale ni wema ibadani na wakali bombani? Maswali haya mwalimu hana majibu yake yote, na hapo ndipo kudadisi kunapokuwa kwa kweli.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia huko Princeton. Kila mmoja alitumwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba hiyo ilihusu Msamaria Mwema, yule wa kwenye Biblia aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani waliwekewa mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa kwamba bado wana muda, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Haraka ndiyo iliyoleta.

Nilipowasimulia darasa la tano habari hii, mmoja aliangalia dirishani akasema polepole, "Mwalimu, ni kama ule ukuta wetu." Sikuwa nimeutaja ukuta.

Neno moja, vikapu vingi

Kabla ya kwenda bombani ilibidi tujue tunatafuta nini. Kiswahili hakina kikapu kimoja cha jambo hili. Tuna wema, hisani, fadhila, huruma, ukarimu, upole, na juu ya yote tuna utu. Niliwapa vikundi vipande vya manila, kila kipande kikiwa na tukio, nikawataka wavipange watakavyo. Kumpisha bibi kiti kwenye daladala. Kumnong'oneza jirani jibu wakati wa mtihani. Kumpa mwenzako nusu ya andazi mbele ya darasa zima huku ukitangaza kwamba kwao leo hawajapika. Kunyamaza wakati wengine wanamcheka mtu. Kumwambia rafiki kwamba ananuka jasho, mkiwa wawili tu.

Zoezi hili lilikula vipindi viwili vya dakika 40 na sijutii hata dakika moja. Kipande cha andazi ndicho kilichotuchelewesha. Nusu ya darasa walikiweka kwenye ukarimu, wengine wakakataa katakata. Msichana mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida sauti yake siisikii, alisema: "Hilo andazi lina masimango." Darasa likatulia. Kila mtoto analijua simango. Ni ule wema unaorudishwa usoni kwako kila mkikosana: nilikulisha, nilikuvisha, bila mimi ungekuwa wapi. Baada ya hapo hawakuweza tena kukubali ile sentensi yangu ya ubaoni jinsi ilivyokuwa. Kikundi kimoja kiliongeza: wema ni kumsaidia mtu bila kumdhalilisha. Ni maana bora kuliko yangu, na niliinakili kwenye andalio langu la somo.

Methali nazo ni hazina, ukiziacha zigombane. Tenda wema nenda zako. Lakini asante ya punda ni mateke. Lakini tena, wema hauozi. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: jembe hilo ni ukatili au ni heshima, kwamba sasa wewe ni wa nyumbani? Walimu tumezoea kutoa methali kama hukumu ya mwisho. Mtoto wa darasa la tano akiziona zinapingana, anagundua kwamba hata wazee walikuwa wakijadiliana.

Bombani na mahesabu

Tulikaa siku tano tukitazama mapumziko. Vikundi vilipokezana, kila kikundi na daftari moja na penseli. Sharti lilikuwa moja na sikulilegeza: tunaandika matendo, hatuandiki majina. Kusukuma, mstari. Kumpisha mdogo, mstari. Kumfungulia mwingine bomba, mstari. Kutoa kikombe chako, mstari. Mistari mitano inafungwa kwa mkato, kama walivyojifunza kwenye Hisabati, na grafu za nguzo tulizichora katika kipindi hichohicho cha Hisabati, hivyo sikuiba muda wa mtu.

Kabla ya kuanza waliandika wanachokitegemea. Karibu wote waliandika kwamba darasa la saba ni wakatili. Hesabu zikaleta mambo mengine. Misukumano ilijaa mwanzoni mwa mapumziko, na ilipobaki kidogo kengele ilie, watoto walewale waliokuwa wakisukuma walikuwa wakiwakingia wadogo maji. Mwenye kikombe alimaliza haraka, anayekinga kwa viganja alikaa bombani muda mrefu, na hapo ndipo vurugu ilipoanzia. Halafu kikundi kimoja kilichopewa kazi ya kuwahoji darasa la saba kilirudi na habari iliyonifanya nikae chini: darasa la saba wanakimbilia maji kwa sababu tumewapangia masomo ya ziada katikati ya mapumziko, kwa ajili ya mtihani wa taifa. Sisi walimu ndio tuliowatia haraka, na anayechelewa kurudi anaadhibiwa.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka hasa kulisema kwa walimu wenzangu. Uchunguzi wa wema unaoishia kwenye tabia za watoto ni uchunguzi nusu. Ukiwaruhusu kuchunguza kweli, watakukuta na wewe ndani ya ushahidi: ratiba yako, ukali wako, idadi ya mabomba, nani hupewa ufagio na nani hupewa funguo. Mwalimu asiyekuwa tayari kukutwa asianze, kwa maana watoto wakiona uchunguzi unazuiliwa kwenye mlango wa ofisi ya walimu, watajifunza kwamba wema ni kitu ambacho wakubwa huwadai wadogo.

Babu, maji mlikuwa mnagawanaje?

Hatua iliyofuata sikuipanga mimi. Kijana mmoja anayeishi upande wa Kibosho alisema babu yake huwa anasimulia ugomvi wa maji. Basi tukawatuma wote nyumbani na swali moja: zamani maji yakiwa machache, watu waligawanaje? Tulifanya mazoezi ya mahojiano kwenye kipindi cha Kiswahili: unaanza na shikamoo, unaeleza umetumwa na shule, unasikiliza mpaka mwisho, humkatizi.

Walirudi na mengi. Waliotoka kwa wazee wa Kichaga walileta habari za mfongo, ile mifereji ya kuchimbwa kwa mikono inayoyatoa maji kwenye mito ya mlima na kuyapitisha katika vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Maji yalikuwa kwa zamu, huyu asubuhi, yule jioni. Kila mwenye kuyatumia alipaswa kutoka kusafisha mfereji siku ikipigwa mbiu, na aliyeyafungulia nje ya zamu yake alitozwa faini. Mtoto ambaye kwao ni Same akaja na ndiva, mabwawa ya Wapare ya kuhifadhia maji ya kumwagilia, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuyazibua. Mwingine, ambaye kwao ni Umasaini, alieleza jinsi mifugo inavyopangwa zamu kisimani.

Tukaandika ubaoni kinachofanana katika masimulizi yote. Zamu inayojulikana. Mtu wa kuisimamia. Kazi ya pamoja ya kutunza. Mtoto mmoja aliuliza, "Kwa hiyo walikuwa wema au walikuwa na sheria?" Tulikaa na swali hilo hadi kengele. Mimi naona, na niliwaambia kwamba ni maoni yangu tu, kwamba utaratibu mzuri humpunguzia mtu kazi ya kuwa mwema. Ukijua maji yatakufikia, kumpisha mdogo hakukugharimu sana. Ukiogopa kuyakosa, hata moyo mzuri hufunga ngumi. Wengine hawakukubali. Walisema mtu anayempisha mwenzake kwa kuogopa faini si mwema, ni mwoga. Sijawashinda na sikutaka kuwashinda.

Kutokana na hayo walitunga mpango wao: madarasa ya chini yatoke dakika tano kabla, kila darasa liwe na ndoo yenye vikombe vya kukopesha, na darasa la tano lisimamie zamu kwa mwezi mmoja. Waliandika barua kwa mwalimu mkuu, ile barua rasmi tunayoifundisha kila mwaka kwa kumwandikia meneja wa kampuni ya kubuni. Safari hii barua ilijibiwa. Dakika tano zilikubaliwa, ndoo zikakubaliwa, na masomo ya ziada ya darasa la saba yakahamishiwa jioni.

Walihesabu tena kwa siku tano. Misukumano ilipungua sana, haikuisha. Kukaibuka tatizo jipya, kwamba wasimamizi wa zamu walianza ubabe wa viranja. Ilibidi wachunguzwe nao.

Zawadi, na ule ubao wa picha

Shule nyingi zina ubao wa mwanafunzi mwema wa wiki, wenye picha na pengine kalamu ya zawadi. Nia ni njema. Mimi nimeuacha, na nitaeleza kwa nini.

Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watoto wa miezi 20. Watoto hao walikuwa wakimsaidia mtu mzima kuokota kitu kilichomwanguka bila kuombwa. Baadhi walipewa zawadi kila waliposaidia, wengine walisifiwa tu au hawakupewa kitu. Baadaye, zawadi zilipoondolewa, wale waliozoeshwa zawadi walisaidia kidogo kuliko wengine. Watoto wangu ni wakubwa zaidi, najua, lakini nililiona jambo lilelile kwa macho yangu. Ubao ulipokuwepo, wema ulifanyika mbele ya mwalimu. Kuna mtoto alimwangusha mwenzake makusudi ili apate wa kumwinua.

Kinachosaidia ni kumpa mtoto nafasi ya kuchagua atende nini na kumtendea nani, kisha aeleze kilichotokea. Huko Vancouver, Kanada, Kristin Layous na wenzake walifanya jaribio na watoto wa miaka 9 hadi 11, umri uleule wa darasa letu. Kwa wiki nne kundi moja lilitenda matendo matatu ya wema kila wiki, kundi la pili lilitembelea mahali patatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: makundi yote mawili yaliongezeka furaha, lakini waliotenda wema walizidi kukubalika na wanafunzi wenzao, wengi zaidi wakitaka kushirikiana nao katika shughuli za shule. Nimelijaribu zoezi hilo kwa namna yetu, matendo matatu kwa wiki, yakiandikwa kwenye daftari la nyumbani ambalo silisahihishi. Mmoja aliandika: "Nilimbebea mama kuni. Akaniuliza nimefanya kosa gani." Hiyo nayo ni data, na tuliijadili kwa heshima.

Pale wema unapogongana na haki

Hapa ndipo naomba walimu waende taratibu. Ukifundisha wema bila kufundisha haki, unaweza kumkabidhi mtoto mnyonge kwa mwonevu wake. Mtoto anayenyang'anywa chakula kila siku hahitaji kuambiwa awe mwema zaidi. Anahitaji mkubwa aingilie kati.

Tulilifikia jambo hili kupitia isale. Ni lile jani refu linalopandwa mipakani mwa vihamba, na kwa Wachaga ni jani la kuombea msamaha: aliyekosa akija nalo, aliyekosewa hupaswa kulipokea. Watoto waliwauliza bibi zao, na swali lililochoma zaidi lilikuwa hili: je, unaweza kulikataa? Bibi wengi walisema hapana, ni vibaya sana. Lakini bibi mmoja alimwambia mjukuu wake kwamba isale haliji peke yake, huja na watu, watu hao hukaa chini, kosa husemwa kwa jina lake, na kinacholipwa hulipwa. Msamaha ulikuwa na mashahidi. Tukailinganisha hali hiyo na jinsi tunavyowafanya watoto waliopigana: "Shikaneni mikono, semeni samahani, rudini darasani." Nusu dakika. Tangu hapo nikisuluhisha ugomvi nawataka waseme kwanza kilichotokea, na wapo wenzao wawili wa kusikiliza.

Swali la viboko halikwepeki. Kanuni zetu zinaruhusu adhabu hiyo kutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Watoto hawazijui kanuni, wanachokijua ni fimbo. Waliponiuliza kama mwalimu anayechapa anaweza kuwa mwema, nilijibu kwamba mimi zamani nilichapa, kwamba nilidhani nasaidia, na kwamba sichapi tena kwa sababu sikuona mtoto aliyejifunza kumpisha mwenzake kutokana na fimbo yangu. Hawakusema neno. Nadhani walikuwa wanapima kama namaanisha.

Tahadhari moja zaidi, fupi lakini nzito: mambo ya nyumbani. Ukiuliza nani amewahi kutendewa ukatili, mtoto anaweza kufungua jambo ambalo darasa zima halipaswi kulisikia. Maswali yaelekee shuleni, na mtoto anayeonyesha dalili ya jambo zito aitwe pembeni, asikilizwe, na afikishwe kwa mwalimu wa malezi. Vilevile, kuwa mwema kwa mtu usiyemjua hakumaanishi kupanda pikipiki yake. Watoto waelezwe wazi.

Alama, mitihani na darasa la watoto sabini

Tangu sera ya elimumsingi bila malipo ianze kutumika mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mwalimu akisikia "vikundi" anaona fujo. Nimepata nafuu kwa kugawa kazi tofauti: vikundi viwili vinatazama, viwili vinahoji, vinavyobaki vinapanga ushahidi wa jana. Wote wakitoka pamoja, kweli, ni fujo.

Alama za wema sitoi. Namna gani nimwandikie mtoto huruma asilimia 60? Ninachopima ni uchunguzi wake: je, swali lake linachunguzika, je, ameandika alichokiona au alichokitaka, je, anaweza kusema "nilidhani hivi, nimekuta vile." Hayo yanapimika, na yanamsaidia hata kwenye Sayansi na insha. Kwa mzazi anayeogopa kwamba tunapoteza muda wa mtihani, nimekuwa nikimwonyesha daftari la mtoto wake lenye grafu, barua rasmi na mahojiano. Wengi huishia kusoma mahojiano ya babu yao wenyewe.

Darasa la tano sasa lina ubao wa maswali, kipande cha manila kilichobandikwa kando ya mlango, na yeyote huandika swali anapokuwa nalo. Juma lililopita mtu aliandika, kwa mwandiko ninaoufahamu ila sitausema: "Kwa nini walimu wana ndoo yao ya maji ofisini na hawapangi foleni?" Nimelipeleka swali hilo kwenye kikao cha walimu kama lilivyo. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Jumatano kikundi cha mahojiano kitaingia ofisini na madaftari yao. Mwalimu mkuu amekubali kuhojiwa wa kwanza.